Dagahaley Haina Mlima

Karibu kila mji mkubwa wa Kenya una Milimani yake. Nairobi ipo, Nakuru ipo, Kisumu ipo, Kitale pia. Jina linasema mwinuko, lakini sote tunajua maana yake hasa: ua mrefu, askari getini, miti ya jacaranda, kelele za mji ziko kule chini na wewe uko huku juu. Siku hizi hata Milimani kumejaa, kwa hivyo wenye nacho wanahamia Ngong na Tigoni, halafu wanatupostia ukungu wa asubuhi. Kujitenga na mji bila kwenda mbali nao ni bidhaa, na bei yake ina kitu kimoja ambacho dalali hata hakitaji kwa sababu kiko wazi mno: siku ukitaka kushuka, unashuka.

Weka picha hiyo kichwani, kisha usome vitabu vilivyoandikwa kuhusu Dadaab. Hapo ndipo neno "mji" linaanza kuleta shida.

Dagahaley haina mlima. Jina limebeba neno la Kisomali dhagax, yaani jiwe, lakini ardhi yake ni tambarare, mchanga na vichaka vya miiba hadi macho yachoke. Pamoja na Ifo na Hagadera, ni moja ya kambi tatu za kwanza za Dadaab, zilizofunguliwa 1991 na 1992 kwa ajili ya watu 90,000 waliokimbia vita Somalia. Njaa ya 2011 ilipopiga, idadi ikapita 400,000, na magazeti yakaanza kuandika kwamba Dadaab ni mji wa tatu kwa ukubwa Kenya, baada ya Nairobi na Mombasa. Garissa mjini ni kama kilomita 100 kutoka hapo. Nairobi hadi Nakuru ni mbali kuliko hiyo, na kuna watu wanaenda na kurudi siku moja. Mkimbizi wa Dagahaley anahitaji kibali cha maandishi ili atoke kambini kihalali, na kibali hutolewa kwa sababu maalum: matibabu, masomo, mambo ya ofisi. Hamu ya kuona mto Tana haimo kwenye orodha.

Kitabu kilicholifanya neno "mji" lishike zaidi ni City of Thorns cha Ben Rawlence, kilichotoka 2016. Rawlence alikuwa mtafiti wa Human Rights Watch, akaenda Dadaab mara nyingi kwa miaka kadhaa, na kitabu kinafuata maisha ya watu tisa. Niseme mapema: ni kitabu kizuri. Soko la Bosnia kule Ifo analiandika mpaka unasikia vumbi kooni. Kuna Nisho, kijana mchukuzi wa mizigo, na kupitia mgongo wake unaelewa uchumi wote wa pale: sukari inayovushwa mpakani, pesa za ndugu walioko ng'ambo, nani anamdai nani. Rawlence hawafanyi wakimbizi malaika. Wanapendana, wanadanganyana, wanafanya biashara, wanachoka. Kwa hilo nampa heshima yake.

Lakini angalia mlango anaotuingizia. Kitabu kinafunguka Washington, mwandishi akiwa kwenye mkutano na maofisa wa usalama wa Marekani, akijaribu kuwaeleza watu wa Dadaab ni akina nani. Tangu hapo unajua anaongea na nani: mzungu mwenye uwezo wa kupitisha bajeti. Sisi majirani tuko wapi? Mkenya kwenye kitabu hiki mara nyingi ni polisi, na polisi mwenyewe mara nyingi mkono wake uko wazi unasubiri kitu. Sisemi ni uongo. Nasema ni picha ya jirani iliyochorwa bila kumwangalia jirani usoni.

Na jirani wa Dadaab ana kisa chake. Kaskazini Mashariki iliwekwa chini ya sheria za hali ya hatari tangu miaka ya vita vya Shifta, na sheria hizo hazikuondolewa hadi 1991, mwaka uleule kambi zilipoanza. Mpaka leo kuna watu wa huko ambao wakivuka Tana kuja huku wanasema wanaenda Kenya. Isitoshe, wako Wakenya Wasomali, maelfu, ambao familia zao zilijiandikisha kama wakimbizi wakati wa ukame ili wapate chakula na shule. Walipofika umri wa kuchukua kitambulisho, alama za vidole zikasema: wewe ni mkimbizi. Wakanyimwa. Raia katika nchi yao, wamefungiwa nje na karatasi. Mimi naona hiyo ni riwaya nzima imekaa hapo inasubiri, na Rawlence anapita kando yake tu.

Sasa rudi kwa neno "mji". Mei 2016, miezi michache baada ya kitabu kutoka, serikali ilitangaza itafunga Dadaab. Februari 2017 Mahakama Kuu ikasema kufanya hivyo ni kinyume cha Katiba. Sawa, mahakama iliokoa. Lakini jiulize, ni lini umesikia mtu akitangaza kufunga Nakuru? Kuita kambi mji kunaonekana ni kuipa heshima, na ndivyo Rawlence alivyokusudia, naamini. Ila heshima hiyo inaficha kwamba wenyeji wake hawawezi kuuacha, na wakati huohuo mtu mwingine anaweza kuufuta.

Kitabu kinachoelewa jambo hili vizuri zaidi, cha kushangaza, ni cha watoto. When Stars Are Scattered (2020) ni riwaya ya picha ya Victoria Jamieson na Omar Mohamed, na inasimulia utoto wa Omar mwenyewe kule Dadaab akimlea mdogo wake Hassan, ambaye karibu neno pekee analotamka ni "hooyo", mama. Hapa hakuna anayebishana kama huu ni mji au la. Kuna foleni ya maji, kuna shule ambayo Omar anasita kuianza kwa sababu ya kumwacha Hassan, kuna mahojiano na UN, halafu kuna kungoja majibu. Unafungua ukurasa, bado wanangoja. Mvulana amekuwa mrefu, hema ni lilelile. Picha zinaweza kufanya hivyo, kuonyesha mtu akibadilika mahali pasipobadilika, na nathari ya Rawlence yenye matukio mengi hailifikii hilo kirahisi.

Dadaab kuna neno la hali hiyo, buufis. Linatokana na kitenzi cha Kisomali cha kupuliza, kujaza hewa, na linatumika kwa ile hamu ya kupelekwa ng'ambo inayomjaa mtu mpaka anashindwa kuishi pale alipo. Wa Milimani akichoka na ukimya wake anawasha gari. Wa Dagahaley anapata buufis.

Neno "mji" limerudi tena, safari hii kwenye karatasi za serikali. Mpango wa Shirika, uliozinduliwa Machi 2025, unataka kambi zigeuke makazi ya kawaida ambamo wakimbizi na wenyeji wanatumia shule na hospitali pamoja. Mimi nitausoma kama ninavyosoma City of Thorns: nitatafuta kwanza ukurasa unaosema nani anaruhusiwa kupanda basi la Garissa bila kuomba.

Kuna jambo ambalo vitabu vyote viwili vinaligusa juu juu. Shule za kambi hufuata mtaala wa Kenya. Kwa hiyo kuna watoto waliozaliwa Dagahaley, na wazazi waliozaliwa Dagahaley, wanaoandika insha ya Kiswahili kama wewe ulivyoandika: methali mwanzoni, jua likichomoza, safari ya kwenda Mombasa. Wanajua msamiati wote wa safari hiyo, kuanzia stani ya basi hadi upepo wa bahari. Kwenye rafu yangu, kila kitabu kuhusu Dadaab ni cha Kiingereza. Ningependa kumsoma mmoja wa hao, kwa Kiswahili hichohicho alichofunzwa, akiandika kuhusu pale alipo, na ikibidi amtukane Mkenya anayemsoma.