Klavye za Bei Kubwa: Je, Zinastahili Fedha Zake?

Mtu akienda kununua kompyuta huuliza habari za kioo, za betri, na za wingi wa akiba ndani yake. Habari za klavye haulizi. Hata hivyo, kitu anachokigusa karani tangu asubuhi hata jioni si kioo wala betri, bali ni klavye hiyo, ambayo ndugu zetu wa Tanzania na Kenya huiita kibodi. Siku hizi zimo sokoni klavye za dola 10, na nyingine zinauzwa dola 200 na kupita. Zote mbili zitakuandikia a ukibonyeza a. Basi hizo dola 190 zimekwenda wapi?

Mtu asidhani ya kuwa hili ni swali la matajiri tu. Lubumbashi, Bukavu, Goma, karibu na vyuo na ofisi za serikali, wapo vijana wanaowapigia watu mashini: kazi za mwisho wa masomo, barua za kuomba kazi, hati za namna zote. Hulipwa kwa ukurasa. Kwao klavye ni jembe, na jembe baya humpunguzia mtu chakula. Tena herufi moja ikikosekana katika jina la mtoto kwenye cheti, baba yake atapanda na kushuka ngazi za ofisi siku nyingi.

Tufungue kwanza klavye ya bei ndogo. Ndani yake mna karatasi tatu za plastiki. Ya juu na ya chini zimechorwa njia za umeme. Ya katikati ina matundu. Juu ya hizo limetandazwa zulia la mpira lenye vichuguu, kimoja chini ya kila kitufe. Ukibonyeza, kichuguu kinabonyea, karatasi ya juu inagusa ya chini kupitia tundu, na herufi inakwenda. Ni kazi ya akili, wala hatuidharau, maana ndiyo iliyowezesha watu wengi kupata klavye. Lakini ina kasoro hii: kidole husikia mpira ukibonyea, na kubonyea kwa mpira si kugusana kwa karatasi. Mpira unapochakaa, mambo hayo mawili huachana. Kidole huamini ya kuwa kimekwisha andika, kumbe herufi haikwenda. Kwa hiyo karani huzoea kugonga kwa nguvu mpaka chini, kama atwangaye mihogo, na jioni vidole vinauma.

Sasa tutazame klavye iliyosifiwa kuliko nyingine, Model M ya kampuni ya IBM, iliyotoka mwaka 1985. Ilitengenezwa kwa ajili ya mashini za kazi nzito, zilizouzwa kwa maelfu ya dola, na bei ya klavye ilimezwa humo pasipo mtu kuiona. Chini ya kila kitufe imesimama springi ndogo ya chuma. Kitufe kikishuka, springi hujikunja ghafula kwa upande, na kwa kujikunja huko hukigeuza kidude cha chini ambacho hubonyeza karatasi. Kidole husikia, sikio husikia, herufi huenda, yote mara moja. Fundi Richard Harris wa IBM alipewa hati ya uvumbuzi huo mwaka 1978. Hapa, kwa maoni yetu, ndipo penye thamani ya kweli. Karani hana haja ya kuinua macho kila mara kuhakikisha kwamba herufi imefika, kwa kuwa kidole chake kimekwisha pata jibu. Kampuni Unicomp ya Kentucky, Marekani, imeendelea kutengeneza klavye za namna hiyo tangu mwaka 1996.

Tusiifanye malaika, lakini. Model M ina uzito unaopita kilo 2, na makelele yake yanafanana na mvua ya mawe juu ya mabati. Makarani wanne wenye klavye hizo katika chumba kimoja wataomba kuhamishwa. Kadhalika, bamba lake la chuma limeshikwa na misumari midogo ya plastiki iliyoyeyushwa, na miaka ikipita misumari hiyo hukatika mmoja mmoja.

Wala jina la «klavye ya mashini ya kazi nzito» peke yake si ushahidi. Kampuni Sun Microsystems iliuza mashini za wataalamu zenye bei kali sana, na klavye yake iitwayo Type 5, ya miaka ya 1990, ndani yake ilikuwa ya mpira tu. Mnunuzi alilipa bei ya farasi, tandiko akapewa la kawaida.

Tumetaja farasi na tandiko kwa makusudi. Mwalimu mmoja wa Ujapani, Eiiti Wada, alichoka kuona kila kampuni ikibadili mpango wa vitufe. Alitoa mfano wa wachungaji wa ng'ombe wa Marekani: farasi akifa njiani, mchungaji humwacha, lakini tandiko hulibeba begani, kwa sababu farasi hubadilishwa na tandiko limezoea mwili wake. Klavye, alifundisha, ni tandiko. Kwa fikira hizo kampuni PFU ilitoa mwaka 1996 klavye ndogo ya vitufe 60, Happy Hacking Keyboard. Zile zake za daraja la juu ndizo zinazopita dola 200.

Mfano huo tunaupenda, ila tandiko lenyewe halitufai. Lile la mpango wa Marekani halina vitufe vya mishale vya peke yake. Ili kushuka mstari mmoja yakupasa kushika vitufe viwili pamoja. Anayeandika programu ataizoea. Karani anayesahihisha kazi ya mwanafunzi yenye kurasa 80 atatumia mishale kutwa nzima, naye mtunza hesabu atatafuta bure lile fungu la tarakimu la upande wa kulia. Zaidi ya hayo, inauzwa kwa mpango wa Marekani au wa Ujapani tu, nasi hapa Kongo tumezoea mpango wa Kifaransa unaoanza na herufi AZERTY. (Iko hata ile isiyoandikwa herufi yoyote juu ya vitufe! Mtu hulipa fedha zote hizo, na kusoma hasomi kitu.)

Katika mpango wetu wa AZERTY, herufi a imewekwa juu pembeni, chini ya mamlaka ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kilicho dhaifu. Mahali pazuri pa safu ya katikati, kidole hicho kinapopumzika, wamepewa q, ambayo Kiswahili hakiitumii kabisa. Kwa upande mwingine m, inayojaa katika maneno yetu, imepata nafasi njema kwenye safu hiyo ya katikati. Basi anayepiga Kiswahili kwa AZERTY huinua kidole dhaifu maelfu ya mara kila siku, na kitufe cha a ndicho huchakaa kwanza. Kwake kitufe chepesi na chenye uhakika ni nafuu kubwa.

Sasa tufanye hesabu, maana wauzaji husifu hasa udumifu. Tuseme karani apiga kurasa 20 kwa siku, kila ukurasa mapigo 1,800. Ni mapigo 36,000. Tuseme pigo moja katika kila sita ni a: yaani 6,000 kwa siku, na kwa siku 300 za kazi 1,800,000. Watengenezaji wa klavye za mpira mara nyingi hutaja mapigo milioni 5 kwa kila kitufe. Hiyo ni miaka isiyotimia mitatu. Vitufe vya chuma vya Cherry, kampuni ya Ujerumani, vilitajiwa milioni 50, na baadaye nyingi zaidi; milioni 50 ni miaka 27. Inapendeza kusikia. Lakini katika miaka hiyo 27 karani angenunua klavye kumi hivi za dola 10, jumla dola 100. Basi aliyenunua ya dola 200 kwa sababu ya udumifu peke yake amepata hasara. Tena kikombe cha chai hakiulizi bei: kikimwagika juu ya ile ndogo, unaitupa bila machozi.

Kwa hiyo hukumu yetu ni hii. Ofisi inayoandika barua tatu kwa juma isipoteze fedha. Ya mpira yatosha. Kijana anayelipwa kwa ukurasa atafute ya bei ya katikati, yenye kitufe cha chuma, mishale yote na mpango wa AZERTY. Na iwe mali yake mwenyewe, si ya mwenye duka, apate kuichukua atakapohama. Hapo Bwana Wada alisema kweli. Zile za dola 200 na kupita waachiwe wenye kuzipenda, kama wengine wapendavyo saa za dhahabu. Hakuna klavye itakayomponya mwenye kukaa vibaya kitini, wala itakayomfundisha kutumia vidole kumi yule anayetumia viwili. Masomo ya mashini kwa majuma machache yataongeza kurasa zake kuliko springi yoyote ya IBM.

Ukinunua iliyokwisha tumika, usiridhike na kuifuta vumbi. Omba iunganishwe na kompyuta, ubonyeze kila kitufe taratibu, usitwange, uone kama herufi inakuja moja au mbili. Tazama a, e na kile kirefu cha nafasi kwanza. Ikiwa ni Model M ya zamani, itikise karibu na sikio: vipande vya plastiki vikicheza ndani, misumari imekatika, nawe shusha bei. Tena angalia mdomo wa waya wake, kwa kuwa ule wa mviringo hauingii katika kompyuta nyingi za siku hizi bila kiungo cha kati, na kiungo hicho nacho kinauzwa.