Msumari wa Inchi Sita

Methali zetu hazijui habari ya chuma baridi. Samaki mkunje angali mbichi, udongo uwahi ungali maji, na chuma, tunaambiwa, hufuliwa kingali moto. Hekima yote hiyo ni ya kuwahi, kitu kikunjwe kabla hakijakakamaa. Mwenye kukunja chuma kwa mikono mitupu hana cha kuwahi. Msumari anaoushika ulikakamaa tangu kiwandani, haulainiki kwa kusubiriwa wala kwa kubembelezwa, na alichonacho ni mwili wake tu, aliouandaa miezi mingi nyuma kwa kunyanyua vitu visivyofanana hata kidogo na msumari.

Ukitaka kuona chuma kikikunjwa baridi, pita asubuhi upande wa Gerezani, kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Nondo hutoka kiwandani ikiwa na urefu wa mita 12, na hakuna guta wala mkokoteni utakaopinda kona za Kariakoo na mzigo wa mita 12. Basi hukunjwa katikati. Kijana mmoja huikanyaga pale kati, mwenzake hushika ncha na kutembea nayo, polepole, kama mtu anayefunga geti la uani, hadi ncha ikutane na ncha. Anatembea tu. Nondo ya milimita 12 imekunjika na shati lake halijalowa.

Sasa kata kipande cha sentimita 15 cha nondo hiyohiyo, umpe kijana huyohuyo. Atakitazama, atacheka, atakurudishia. Urefu ndio uliokuwa ukimfanyia kazi. Ukimnyang'anya urefu umemwacha na viganja vyake. Unene nao una ukatili wake. Ukikifanya chuma kiwe kinene maradufu, ugumu wa kukikunja hauongezeki mara mbili, huongezeka mara nane. Ndiyo maana wanaoushughulikia mchezo huu duniani hubishania milimita kama wauza dhahabu. Kampuni moja ya Marekani, IronMind, ina kipande cha chuma kinachoitwa Red Nail, urefu inchi 7, unene karibu milimita 8, na anayekikunja huandikwa jina. Sisi uani kwetu hatukuwa na habari hiyo. Tulikuwa na msumari wa inchi sita, ule wa kupigilia kenchi za paa, unene wake kama milimita 6, unaopatikana duka lolote.

Nilikuwa na miaka 19. Jimu yetu ilikuwa uani kwa watu, Ilala, hatua chache kuvuka kwenda Kariakoo. Vyuma tulijitengenezea: bomba, na kila upande kopo la rangi la lita 4 lililojazwa zege, ambalo lina uzito wa kilo 10 kasoro kidogo. Wakubwa walikuwa na ndoo za lita 20, zege tupu, kilo 48 kila moja. Baadaye zikaja diski za breki na flaiwili zilizochoka kutoka kwa wauza spea wa Shaurimoyo, tukajiona tumekuwa watu wa kisasa. Ratiba yetu ilikuwa kifua na mikono, kesho yake mikono na kifua. Miguu tuliwaachia wacheza mpira. Kulikuwa na kioo cha kabati kimeegemezwa ukutani, na nikikumbuka vizuri, kioo kile ndicho kilichokuwa mwalimu wetu. Kilichokuwa hakionekani kwenye kioo hatukukifanyia mazoezi.

Jioni moja ukazuka ubishi, kama ubishi unavyozuka penye vijana na vyuma, kwamba hakuna anayeweza kukunja msumari wa inchi sita. Nikauzungushia kitambaa, nikaubana chini ya kidevu, nikasukuma. Kifua kilitoa nguvu, hilo sikatai. Nguvu ilitoka begani, ikashuka, ikafika kwenye kifundo cha mkono na kuishia hapo, kama daladala iliyofika mwisho wa njia na konda anawaambia abiria washuke. Kifundo kikalegea nyuma, msumari ukateleza ndani ya kitambaa, ncha ikanichana kiganja. Nilikaa wiki mbili nikishikia kijiko mkono wa kushoto.

Jirani na uwanja wetu ghorofa lilikuwa linapanda, na hapo alikuwepo fundi mmoja wa kusuka nondo, mtu mzima, mwembamba, ambaye alikuwa akija kuomba maji ya kunywa. Alikiona kidonda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umefanyaje?"

Nikamweleza. Hakutoa msumari mfukoni akaukunja mbele yetu, kama ambavyo hadithi za namna hii hupenda. Alikasirika. "Msumari ukipinda kwangu ni hasara," alisema. "Nondo naikunja kwa sababu inakwenda mahali. Huu unakwenda wapi?" Kisha akanywa maji yake akaondoka. Sikuwa na jibu, na sina hakika kama ninalo hata leo.

Ila nilianza kwenda kumtazama akifanya kazi. Meza yake ilikuwa ubao mnene uliopigiliwa vigingi vya chuma. Anapachika nondo nyembamba katikati ya vigingi viwili, anaisukuma, anageuza, anasukuma tena. Ringi moja ya nguzo ina mikunjo mitano: kona tatu, na ncha mbili zinazogeuzwa kuelekea ndani ili zege likija kupasuka ringi isifunguke. Ringi mia moja ni mikunjo mia tano. Soko la Kariakoo lenyewe, lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lina nondo ndani ya ile miamvuli yake ya zege ambazo hakuna mnunuzi wa nyanya aliyewahi kuziona. Fundi wa nondo anafanya kazi ili ifunikwe. Siku zege likimwagwa, kazi yake imezikwa, na tukija kuziona tena nondo zake basi kuna msiba, kama tulivyoziona tarehe 16 Novemba 2024 zimechomoza kwenye kifusi cha ghorofa lililoanguka hapohapo Kariakoo.

Nilichokuwa nikikitazama zaidi ni vigasha vyake. Havikuwa vinene, lakini kila alipokaza, kati ya kiwiko na kifundo palitokea nyuzi, kama kamba za turubai lililokazwa. Na kifundo chake hakikuwahi kulegea. Bega likisukuma, nondo inasikia. Hakuna kinachopotea njiani.

Basi nikaanza upya, na safari hii kioo hakikunisaidia.

Zoezi lililonifaa kuliko yote linachekesha kulitazama. Unachukua nyundo kubwa, ile ya kuvunjia ukuta, unashika mpini mwishoni kabisa, mkono umenyooka kando ya paja, kichwa cha nyundo kimelala mbele. Kisha, bila kukunja kiwiko, unakiinua kichwa hicho kwa kifundo cha mkono peke yake hadi mpini usimame wima, unakirudisha taratibu. Nyundo ya kilo 4 ambayo mtoto wa shule anaweza kuibeba begani inageuka jitu. Siku ya kwanza nilishika katikati ya mpini na bado ilinishinda mara ya sita. Kila wiki nilishusha mkono upana wa kidole kimoja kuelekea mwisho. Hesabu ni ileile ya nondo ya Gerezani, imegeuzwa tu: pale urefu unamfanyia kazi kijana, hapa urefu unaifanyia kazi nyundo.

Baada ya hapo nikaunenepesha mkono wa bomba. Nilizungushia mpira wa ndani wa tairi la baiskeli hadi vidole vikashindwa kukutana na dole gumba, kisha nikanyanyua kutoka chini, mgongo umenyooka, uzito niliokuwa nikiudharau. Bomba nene halikubali kukumbatiwa. Linataka kutoroka, na kila kidole kinaitwa kazini, hata kile cha mwisho ambacho kwa miaka yote kilikuwa kikila bure. Tulikuwa pia na diski mbili za breki zilizosuguliwa laini. Unazibana pamoja kwa ncha za vidole upande mmoja na dole gumba upande wa pili, unasimama nazo, unahesabu. Kuna pia lile la kunyanyua bomba kwa kukunja viwiko huku viganja vinatazama chini, si juu kama wapendavyo mabaunsa. Uzito wake hupungua hadi aibu. Vijana wenzangu waliniuliza kama naumwa.

Kubeba sikuhitaji kufundishwa, maana Kariakoo yote inabeba. Mtaa huu umepewa jina na wabebaji. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam Septemba 1916, wachukuzi wa jeshi lao, Carrier Corps, waliwekwa hapa, na ulimi wa mjini ukalifinyanga jina hilo likawa Kariakoo. Nairobi nako wana Kariokor yao. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa mjini Dar es Salaam mwaka 1927 ni ya mtu mwenye bunduki na singe. Juu pale mchukuzi hayupo. Nairobi angalau walimweka mmoja kati ya sanamu zao tatu. Mimi husema hatukumsahau, tumemfanya mtaa. Na wajukuu zake wa kazi wangali hapo kwenye mitaa ya Msimbazi na Kongo: tazama mtu aliyebeba lumbesa mgongoni, tazama vidole vyake vilivyozama kwenye masikio ya gunia nyuma ya kisogo. Gunia halimponyoki, naye yuko kwenye matope na pikipiki inampigia honi. Nami nikajaza ndoo mbili za maji, kilo 40, nikawa natembea nazo kutoka bombani hadi uani, nikipita njia ndefu makusudi. Mama mwenye nyumba alifurahi sana na maendeleo yangu ya michezo.

Vita hivyohivyo vilivyoleta wachukuzi Kariakoo ndivyo vilivyoupa ulimwengu mkunja chuma wake mashuhuri, Alexander Zass, askari wa Urusi aliyetekwa na Waaustria. Hakuwa mtu mkubwa. Zoezi lake lilikuwa kuvuta minyororo isiyokatika na kukaza kwenye vyuma visivyosogea, akiamini kwamba nguvu ya kano ni jambo moja na unene wa msuli ni jambo jingine. Nililijaribu kwa kipande cha nondo ya milimita 16. Unakishika kama unataka kukikunja, unakaza kwa pumzi kadhaa, unaacha. Hakipindi. Hakitapinda hata ukifa. Lakini mwili unajifunza kumwaga nguvu yote bila kupoteza mshiko, na unajifunza kukaa hapo pasipo matumaini. Kwa kijana wa miaka 19 hilo la pili ndilo gumu. Kano, nalo niliambiwa mapema na kusikia kwa kuchelewa, hukua polepole kuliko msuli. Mwenye haraka huishia kushikia kijiko mkono wa kushoto.

Mwaka ukapita na ushei. Sikumwita mtu. Nilikunja kitambaa cha jinzi mara mbili, nikaupachika msumari, viganja vikatazama chini, viwiko juu, kidevu karibu kugusa ngumi. Nikakaza bila kurusha. Mwanzoni ilikuwa kama ile nondo ya 16, ukimya mtupu. Halafu nikahisi kitu kidogo mno, kama jino linavyocheza kwenye fizi. Sikuamini, ila niliendelea kukaza, na msumari ukaanza kwenda. Ulikwenda hadi kama nyuzi 40 hivi, nikafanya kosa: nikapumzika. Chuma kilichokunjwa hukakamaa zaidi palepale kwenye mkunjo, na niliporudi nilimkuta mtu mwingine kabisa. Haukusogea tena. Nilitoa kitambaa nikaugusa kwa mdomo pale ulipopinda. Ulikuwa wa moto. Moto ule ulitoka mikononi mwangu. Msumari ulikuwa baridi nilipouanza.

Kesho yake niliupeleka kwa fundi. Ghorofa lilikuwa limefika ya nne, naye alikuwa chini kivulini anakula mihogo. Aliugeuza, akafumba jicho moja, akaupima mkunjo kama anavyopima kona ya ringi, na nikasubiri aniulize tena unakwenda wapi. Hakuuliza. Alitafuta nyundo, akaupigilia kwenye mlingoti wa jukwaa, mkunjo ukitazama juu, akavua shati lake akalitundika.