Ndovu Kiganjani

Eldoret haina jengo la bustani ya wanyama lenye kuta zilizochongwa. Kazi ya namna hiyo iko New York, kwenye Nyumba ya Ndovu ya bustani ya Bronx iliyokamilika 1908, ambako Alexander Phimister Proctor na Charles Knight walichonga vichwa vya ndovu na vifaru vikichomoza ukutani. Lakini sanaa yenyewe hupita mikononi mwa abiria na makanga kwenye Barabara ya Uganda kutwa nzima. Tangu Desemba 2018 sarafu mpya za Kenya hubeba twiga kwenye shilingi moja, kifaru kwenye tano, simba kwenye kumi, ndovu kwenye ishirini. Katiba ya 2010 ilikataza sura ya mtu yeyote kwenye pesa, wanyama wakapata nafasi.

Naipenda sanaa hii kwa ubahili wake. Anayechonga sanamu kamili ana mwili mzima wa kuuzunguka. Mchongaji wa sarafu amepewa unene usiofika hata milimita moja, na humohumo bega la ndovu litangulie, sikio lilale juu yake, mkonga uonekane una uzito. Tena hufanya kazi kinyume, maana muhuri unaogonga sarafu huchimbwa: mgongo wa mnyama kwake ni shimo. Palipoinuka zaidi ndipo panapolika kwanza vidoleni, kwa hiyo ukingo huachwa juu kidogo umkinge mnyama.

Rangi mchongaji hana, ana kivuli tu. Sarafu ikilala kiganjani saa sita mchana, jua la utosini humfuta mnyama. Iinamishe kidogo, anarudi. Ukutani mambo hugeuka. Eldoret iko karibu mno na ikweta, na jua la adhuhuri huteremka likipapasa ukuta, kila mwinuko ukitupa kivuli chini yake. Mji uliopewa hadhi ya jiji Agosti 2024 una jua la kuchongea. Sioni kwa nini majengo yake ya umma yaishie kwenye vioo na rangi.

Ningemwomba fundi aanze na twiga wa Rothschild, mwenyeji wa uwanda huu. Miaka ya 1970 baadhi yao walihamishwa kutoka Soy, hapo karibu tu. Miguu yao, kuanzia magotini kushuka, ni myeupe bila mabaka. Achimbe mipaka ya mabaka shingoni na ubavuni, akifika magotini aweke patasi chini, ashike msasa.