Milimita 800 Ndani ya Begi

Anayetaka kuunda darubini ya kusafiri nayo kwa ndege huanza kwa kupima begi. Mashirika mengi ya ndege huruhusu begi la ndani lenye urefu wa sentimita 55 hivi, upana wa 40 na kina cha 20 au kupita kidogo, na baadhi yao hulipandisha kwenye mizani na kukataa linalozidi kilo 7. Fundi anayeunda darubini ya kukaa uani akiona mahali panalegea huongeza ubao. Huyu wa begi hana ruhusa hiyo. Kila gramu lazima ijieleze, na ndiyo sababu kazi yake hunivutia kuliko mitambo mikubwa iliyojaa injini na skrini.

Tuchukue mfano wa darubini yenye kioo cha kipenyo cha milimita 200 na urefu wa fokasi wa milimita 800. Kioo hicho hukusanya nuru mara 800 hivi kuliko mboni ya jicho iliyopanuka gizani. Kikiwa na unene wa milimita 25, uzito wake ni karibu kilo moja na robo tatu, yaani robo ya posho yote imekwisha kabla ya kupigwa skrubu hata moja. Lakini je, milimita 800 zitaingiaje kwenye begi la sentimita 55?

Jibu limo katika mpangilio ambao Isaac Newton aliutumia mwaka 1668. Nuru hushuka hadi kwenye kioo kikuu kilichobonyea, hupanda tena ikijikusanya, na kabla haijakutana hupokewa na kioo kidogo bapa kilicholazwa nyuzi 45, ambacho huirusha ubavuni kwenye lenzi ya jicho. Kwa hiyo safari ya nuru haiishii juu. Milimita 180 hivi za mwisho hulala kwa upande. Vioo viwili vinaachana kwa milimita 620 tu. Ondoa kimo cha sanduku la chini na cha pete ya juu, unabaki na mabomba membamba ya alumini yasiyozidi sana nusu mita. Nusu mita inaingia. Sijui kama kuna hesabu nyingine ya kiseremala inayopendeza namna hii.

Ukitaka fokasi ya milimita 1000, mabomba yatazidi begi, itabidi yakatwe na kuungwa, na kila kiungo ni mahali papya pa kutikisika. Ukipunguza hadi 600, kioo kinakuwa kigumu mno kuchongwa na nyota za pembeni zinaota mikia. Ndiyo maana mafundi wengi huishia karibu na 800.

Kuhusu kioo chenyewe, wapo wanaonunua kilicho tayari, na hakuna aibu. Ila anayekichonga mwenyewe anafanya jambo la ajabu kwa vifaa duni: vipande viwili vya kioo vya duara, unga wa kaborandamu, maji na mikono. Kipande cha juu husuguliwa juu ya cha chini, mbele na nyuma, huku fundi akikizungusha kidogo kidogo na kuizunguka meza. Bila kalibu yoyote, cha juu hubonyea na cha chini huvimba. Shimo linalohitajika katikati ya kioo chetu ni milimita 3 na kidogo. Baada ya hapo unga hubadilishwa, kila mara laini zaidi, kisha huja lami na oksidi ya seriamu ya kung'arishia, mpaka kioo kinapitisha nuru kama kilivyokuwa dukani.

Hapo umbo ni sehemu ya tufe, nalo halitoshi, linatakiwa umbo la parabola. Tofauti kati ya maumbo hayo mawili, katika kioo hiki, haizidi sana sehemu tatu kwa elfu za milimita. Fundi huiondoa kwa kung'arisha, dakika chache kwa wakati, akisimama kupima. Kipimo chake kilibuniwa na Mfaransa Léon Foucault katikati ya karne ya 19: chembe ya nuru na makali ya wembe vimewekwa mita 1.6 mbele ya kioo. Wembe ukiukata mwali unaorudi, vivuli hujitokeza na mabonde na vilima vya uso wa kioo huonekana kwa macho, ingawa kosa linalotafutwa ni la nanomita 70 au chini ya hapo. Weka kidole gumba juu ya kioo kwa sekunde chache, kisha tazama: joto la kidole limeinua kilima. Kinapoa na kutoweka baada ya muda. Haraka haina baraka, na hapa si methali ya ukutani, ni utaratibu wa kazi: unang'arisha, unasubiri kioo kipoe, unapima, na mara nyingi unalala kwanza.

Sehemu ya mbao ina deni kwa mtu mmoja. John Dobson, aliyezaliwa Beijing mwaka 1915, aliingia utawa wa Vedanta huko California mwaka 1944, na humo alijifunza kuchonga vioo kwa vifaa vya kuokoteza, pamoja na vioo vya madirisha ya meli. Mwaka 1967 alifukuzwa utawani. Mwaka uliofuata alikuwa miongoni mwa walioanzisha kikundi cha kuwaonyesha wapita njia wa San Francisco mwezi na sayari kwenye vijia vya barabarani. Kitako alichokieneza ni sanduku la plaiwudi linalozunguka juu ya vipande vya Teflon vinavyoteleza kwenye fomeka. Uzuri wa Teflon ni kwamba nguvu ya kuanzisha mwendo haipishani sana na ya kuuendeleza, kwa hiyo darubini haishtuki. Unaisukuma kwa kidole, unaiacha, nayo inabaki ulipoiacha.

Kwa begi, kitako hicho hukondeshwa. Plaiwudi hutobolewa matundu popote pasipobeba mzigo, kuta hufungwa bawaba ili zilale, na pete ya juu huingia ndani ya sanduku la kioo kama sufuria ndogo ndani ya kubwa. Mabomba hufungwa kwa pembetatu, kwa sababu pembetatu haipindi. Kitambaa cheusi cha kuvutika huyavika mabomba ili taa za mbali na joto la mwili wa mtazamaji visiingie njiani.

Kila kifungo kiwe cha kuzungusha kwa mkono, pasihitajike spana. Boliti nazo zizuiwe zisichomoke kabisa, maana nati iliyoanguka usiku kwenye mchanga wa Namibia haitafutwi, inasamehewa. Naitaja Namibia kwa sababu ndiko waendako wengi kutoka Ujerumani: fungu la nyota la Omega Centauri halichomozi kamwe juu ya Berlin. Sisi wa Mombasa na Dodoma tunalipata bila tiketi, taa za mji zikituruhusu.

Wepesi una adhabu yake. Lenzi nzito ikiwekwa juu, darubini nyepesi huinamisha kichwa. Dawa ni uzito wa chini, lakini nani atalipia kusafirisha uzito? Hivyo fundi hushona kifuko kitupu, hukifunga nyuma ya sanduku, na akifika hukijaza mawe au mchanga wa hapohapo. Kati ya mbinu zote, hii ndiyo ninayoiheshimu zaidi.

Kwenye mashine ya eksrei, kioo kizito na mabomba yake huleta maswali, na ni haki. Mfuniko ufunguke bila bisibisi, na chini yake pawe na kifuniko cha pili kitakachozuia vidole, kwani tabaka la alumini linalorudisha nuru lina unene wa nanomita 100 hivi na leso ya mkaguzi mwenye nia njema inaweza kulichubua. Kioo hakiachiwi wapakizi wa mizigo. Mabomba, begi likikazana, yanaweza kwenda chini pamoja na nguo.

Ukifika, unafunga mabomba kwa kufuata alama za rangi, unajaza kifuko, unazungusha skrubu tatu nyuma ya kioo mpaka vioo viwili vitazamane sawasawa. Kisha unasubiri nusu saa au zaidi kioo kipoe kifanane na hewa ya usiku. Ndipo unaielekeza kwenye nyota angavu na kuitoa kidogo nje ya fokasi. Itageuka pete za nuru, moja ndani ya nyingine. Kama zimebanwa upande mmoja, ongeza robo ya mzunguko kwenye skrubu na utazame tena.