Beji ya Enterprise na Jinsi ya Kuikagua

Beji ya kifuani ya wahudumu wa chombo cha anga Enterprise katika Star Trek ya kwanza, ile iliyorushwa na NBC kuanzia Septemba 1966 hadi Juni 1969, inatosha kiganjani, na pengine ndiyo sababu wengi huidhania kazi nyepesi. Mtu hupakua mchoro wa mshale kutoka intaneti, akampelekea mwenye mashine ya kutarizi inayoendeshwa na kompyuta, jioni akarudi na beji safi, kingo zake sawasawa kila upande. Mimi nikiona usawa huo naanza kutilia shaka.

Za asili zilitoka idara ya mavazi ya William Ware Theiss, Hollywood, katika kipindi ambacho fedha zake zilikuwa chache na muda mchache zaidi. Kitambaa chenye mng'ao wa dhahabu kilikatwa umbo la mshale, kikazungushiwa mshono mweusi mnene, na alama ya idara ya mvaaji chomboni ikawekwa katikati kwa weusi uleule. Wenye kuamuru chombo walipewa nyota, wanasayansi duara mbili ndefu zinazopishana, wahandisi na wenzao kizingo kilichojikunja ndani, na Muuguzi Chapel msalaba mwekundu. Linganisha beji mbili katika picha nzuri za karibu na utaona hazifanani kabisa: hapa ukingo umenenepa, pale umekonda. Anayetaka kuiga vizuri aige hizo zilizovaliwa. Mchoro uliosahihishwa miaka mingi baadaye na wauza fulana ni kitu kingine.

Anza na umbo. Mshale ule hauna pande mbili sawa. Mguu mmoja umeshuka chini kuliko mwenzake, na mkunjo wa ndani haukai katikati. Fundi aliyechora nusu moja kisha akaikunja karatasi kupata ya pili amejifichua hapo hapo. Halafu itazame nyota. Ina ncha tano, lakini ile ya juu imevutwa ikarefuka kufuata kilele cha mshale. Nyota ya bendera, yenye ncha zinazolingana, ikipachikwa mahali pake, beji imeharibika hata kama uzi ni wa bei ghali.

Kitambaa ndicho kinachowashinda wengi. Dhahabu ile haikuwa njano bapa. Igeuze beji polepole chini ya taa: iliyo nzuri hupitia kung'aa na kufifia, kwa sababu nyuzi za kitambaa chenyewe ndizo zinazoakisi mwanga. Iliyojazwa uzi wa njano wa kutarizi hubaki vilevile kila upande. Tena ipinde kidogo kwa vidole. Beji iliyobandikiwa tabaka nene la gundi nyuma hukakamaa, na ikivaliwa husimama peke yake wakati shati linajikunja. Hilo lilikuwa muhimu kwa mavazi haya hasa, maana misimu miwili ya mwanzo mashati yalikuwa ya velua, kitambaa laini cha jamii ya bahameli ambacho kilirudi kila kilipopelekwa kwa dobi. Msimu wa tatu wakahamia nailoni nzito iliyofumwa. Kwa hiyo beji hupimwa ikiwa kifuani, juu ya kitambaa cha msimu wake.

Rangi ya shati nayo huidanganya beji. Sote tunakumbuka shati la Kirk, nahodha wa Enterprise, kuwa la njano, lakini lilikuwa na ukijani, na ni taa za studio na filamu zilizoligeuza. Ushahidi upo ndani ya vipindi vyenyewe: vazi lake la kukunjia na lile la sherehe, la kitambaa kingine, yanaonekana kijani waziwazi. Ukiishona dhahabu nzuri juu ya njano ya dukani, humezwa. Ukiishona juu ya kijani kilichokomaa, inasimama.

Sasa utafiti. Kipindi kilipigwa kwa filamu ya milimita 35, iliyohifadhi mengi kuliko runinga za zama zile zilivyoweza kuonyesha. Kazi ya kukisafisha upya iliyoanza kuonekana mwaka 2006, kisha diski za Blu-ray za 2009, ndizo zilizotuwezesha kufuata uzi mmoja mmoja. Kabla ya hapo mashabiki walitegemea vipande vya filamu vilivyokatwa chumba cha uhariri, ambavyo Lincoln Enterprises, kampuni ya Gene Roddenberry, iliviuza kwa posta. Vipande hivyo bado vina thamani, kwani vingine ni vya picha ambazo hazikutumika.

Picha za minada nazo zisomwe kwa makini. Christie's walipouza hazina ya studio New York mwezi Oktoba 2006, orodha yao iligeuka kitabu cha mafundi. Hata hivyo shati linaweza kuwa la kweli na beji ikawa imeshonwa upya. Tafuta matundu ya sindano yasiyolingana na mshono uliopo, na ukanda wa kitambaa kisichopauka ukichungulia pembeni mwa beji.

Kuna mtego mwingine, wa wasomi. Katika kipindi cha "The Doomsday Machine" Komodoo Decker, wa meli ya Constellation, amevaa beji yenye umbo lililosokotwa, tofauti kabisa na mshale. Desemba 1967 mtayarishaji Robert Justman alimwandikia Theiss kumkumbusha kwamba wahudumu wa meli zote za nyota wanapaswa kuvaa mshale uleule. Wapo wanaoutumia waraka huo kuifuta beji ya Decker. Mimi siwafuati. Waraka unatueleza ofisi ilitaka nini, lakini beji ilishonwa, ikavaliwa, ikapigwa filamu. Anayetengeneza vazi la Decker amwekee ile aliyoivaa.

Mikono ya shati, yenye mistari ya cheo, isisahaulike. Nahodha ana mistari miwili mizima na uliokatika-katika kati yake. Spock, msaidizi wake, ana miwili mizima. Daktari McCoy na mhandisi Scott mmoja mzima na mmoja uliokatika. Luteni mmoja tu. Kosa la kawaida ni kumpa kila mtu mistari ya Kirk kwa kuwa inapendeza.

Beji za mwaka 1987, za akina Nahodha Picard wa mfululizo wa baadaye wa Star Trek, ni somo lingine kwa kuwa zinaonekana metali: mshale wa dhahabu juu ya yai la fedha. Hapo kagua mpaka wa rangi mbili. Ukiwa umepakwa kwa brashi, dhahabu humwagikia kwenye fedha. Na asikuuzie mtu ile yenye kipande cha pembe nne nyuma ya mshale akidai ni ya mwaka huo. Ilikuja na filamu ya Generations, 1994.

Kabla hujatoa pesa, muulize fundi amefuata kipindi kipi. Chukua luteni ambaye jina lake sisi hatuhitaji kutafsiriwa: katika "The Corbomite Maneuver" na "Mudd's Women", vilivyopigwa mwanzoni, Uhura amevaa gauni la njano, kisha ndipo akahamia jekundu. Fundi anayekujibu kwamba la kwake linafaa kwa vipindi vyote hajavitazama.