Nguvu ya Polisi Hupimwa Kabla ya Doria: Somo la Kibondo na Kasulu

Kila askari anapompiga au kumfyatulia raia risasi, mjadala hujikita palepale: alikuwa na sekunde ngapi za kufikiri, na je, hofu yake ilikuwa ya kweli? Maswali hayo ni ya haki, ila yanakuja yakiwa yamechelewa. Sehemu kubwa ya uamuzi wa askari huwa imeshafanywa na waliompangia kazi: wamempa kifaa gani, wamemwambia anakwenda kukutana na nani, na akirudi kituoni ataandika nini na nani atakisoma. Wilaya za Kibondo na Kasulu mkoani Kigoma, Tanzania, ambako polisi wamekuwa wakilinda kambi za wakimbizi tangu miaka ya 1990, zinatupa ushahidi wa jambo hili kwa uzuri wake na kwa ubaya wake.

Sheria yenyewe haina utata mkubwa. Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi, Sura ya 322, inamruhusu askari kutumia silaha dhidi ya mahabusu anayetoroka au mtu anayezuia ukamataji kwa nguvu, lakini lazima awe na sababu za msingi za kuamini kwamba hakuna njia nyingine, na awe ametoa onyo likapuuzwa. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inaitaka mahakama ipime nguvu iliyotumika kwa kuangalia uzito wa kosa na mazingira yake. Kanuni za Umoja wa Mataifa zilizopitishwa Havana mwaka 1990 zinakwenda mbali zaidi: kuua kwa makusudi ni pale tu ambapo hakuna namna nyingine ya kuokoa uhai. Sasa ziweke kanuni hizo kwenye tukio la kawaida la huku. Mkimbizi wa kambi kama Nyarugusu hatakiwi kwenda zaidi ya kilomita 4 nje ya kambi bila kibali. Mama anakutwa porini na mzigo wa kuni kichwani. Akiona gari la polisi anautupa na kutimua mbio. Kosa lake ni kukosa karatasi. Hana silaha, hajamtishia mtu, na anakokimbilia kunajulikana, maana chakula chake na watoto wake viko kambini na jina lake limo kwenye orodha. Hapo sheria haimpi askari nafasi ya risasi wala ya rungu. Lakini kama asubuhi kwenye gwaride aliambiwa anakwenda kwenye msako wa wahalifu, atakayemwona akikimbia ni mhalifu.

Tofauti ya maandalizi inaonekana tukilinganisha miaka miwili inayofuatana. Mwishoni mwa mwaka 1997 wanajeshi waliwakusanya Warundi kwa maelfu kutoka vijiji vya Kigoma na kuwapeleka kambini, wakiwamo walioishi huko miaka mingi na kuoana na wenyeji. Wote waliwekwa kwenye kapu moja la watu wa hatari. Mwaka 1998 serikali na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, wakafikia makubaliano ya usalama: zaidi ya askari polisi 270 walipangiwa kambi za magharibi, zikiwamo Mtabila na Muyovozi za Kasulu, na Nduta, Mtendeli na Kanembwa za Kibondo ya wakati ule. UNHCR iligharimia posho, magari, mafuta na redio. Kazi ilielezwa kwa ufinyu: kambi zibaki za raia, silaha zisiingie, na wapiganaji wa vita vya Burundi wasizigeuze maficho. Aliyebainika kuwa mpiganaji alitenganishwa na wenzake na kupelekwa Mwisa, mkoani Kagera. Kwa jicho la ufundi wa kazi, huo ndio uti wa mgongo wa maadili. Askari mwenye mahali pa kumpeleka mshukiwa, gari la kumpelekea na redio ya kuomba msaada ana hatua kadhaa za kuchukua kabla ya kufikia kipigo. Asiye na chochote kati ya hivyo ana mikono na bunduki tu.

Upande wa pili ulijitokeza Novemba 2020. Shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa iliyodai kwamba wakimbizi wa Burundi walikamatwa na polisi na maofisa wa usalama, wakashikiliwa katika kituo cha polisi Kibondo, baadhi wakateswa, na wengine wakakabidhiwa kwa serikali waliyoikimbia. Madai hubaki madai hadi yapimwe mbele ya hakimu. Lakini vipimo vipo: sheria inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na kitabu cha mahabusu kionyeshe ameingia lini na ametoka lini. Na aliyeumizwa na askari anakutana na kikwazo cha ziada, kwani fomu ya PF3 ya kwenda nayo hospitali hutolewa na polisi. Analazimika kuiomba kwenye kaunta ileile anayoilalamikia.

Wapo watakaosema ni rahisi kuandika haya ukiwa mbali na barabara ya Kasulu hadi Nyakanazi, ambako mabasi yalifikia kusindikizwa na askari wenye silaha kwa sababu ya majambazi. Pingamizi hilo lina uzito, na sheria imeshalijibu: anayefyatuliwa risasi ana haki ya kujibu ili kuokoa uhai. Kosa ni kuichukua sheria ya usiku wa majambazi na kuitumia mchana kwa mwokota kuni. Wengine watasema dawa ni vifaa visivyoua. Lakini kijijini Nyololo, Iringa, tarehe 2 Septemba 2012, mwandishi Daudi Mwangosi alizingirwa na askari kadhaa, bomu la machozi likafyatuliwa karibu kabisa na mwili wake, akafa hapohapo. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilimfunga askari mmoja miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Kifaa kilikuwa cha kutawanyia watu. Umbali na uamuzi ndivyo vilivyokigeuza cha kuulia. Na bado mmoja tu ndiye aliyefungwa, ilhali mpango wa operesheni haukuwa wake.

Kenya iliunda mamlaka huru ya kusimamia polisi, IPOA, kwa sheria ya mwaka 2011, na askari wake wanalazimika kuripoti huko kila nguvu iliyosababisha kifo au jeraha kubwa. Risasi walizofyatuliwa waandamanaji Juni 2024 jijini Nairobi zinathibitisha kwamba chombo peke yake hakitoshi, ila angalau kuna mlango wa kugonga usio wa mtuhumiwa. Kwetu, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora hupokea malalamiko, lakini haikuundwa kwa ajili ya polisi pekee. Mwaka 2023 tume ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilimkabidhi Rais mapendekezo ya kurekebisha taasisi za haki jinai. Utekelezaji wake uanzie vituo vya pembezoni kama Kibondo na Kasulu: maelekezo ya doria yaandikwe, kila nguvu iliyotumika iripotiwe kwa mtu wa nje ya kituo, na majeruhi atibiwe kwanza, PF3 ifuate.