Msaidizi Anabaki Njiani

Kuna wanaoilaumu Siku Njema ya Ken Walibora (1996) kwa sadfa: Kongowea anatoka Tanga kumtafuta babake Kenya, na akikwama anatokea mtu wa kumsaidia. Mimi wa Moding, hapa karibu na mpaka, hilo naliona kawaida tu. Ninalokosa ni gharama ya msaidizi. Mwaka 2020 malori yalipojaa Malaba yakingoja vipimo vya Korona, madereva waliogopwa kama ugonjwa wenyewe. Mama mmoja muuza chai aliwapelekea maji kwa jerikeni. Wateja wake wakamhama. Riwaya inaendelea na msafiri. Huyo mama anabaki kibandani na chapati zake zimepoa, na hadithi yake haijaandikwa.